Mashine Niliyoinunua kwa Uzito Wake

"Hukuuliza, mzee."

Maneno mawili tu. Aliyeniambia ni kijana muuza mashine pale mjini Dodoma, anaitwa Faraji, na aliyasema kwa adabu, mikono ameifumbata mbele kama mtu aliye kanisani. Mimi nimewahi kupigwa teke na punda. Nimewahi kuungua na pasi ya kubandikia fulana mpaka ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma. Hakuna kilichonishtua kama maneno yale, kwa sababu yalikuwa ya kweli, na binti yangu Tabitha alikuwa amesimama ubavuni mwangu anayasikia.

Nyinyi vijana mnaonijia siku hizi na simu mkononi, "Babu Yoeli, nataka kufungua biashara ya fulana, ninunue mashine gani ya kukata?", nawaona mnavyonuna nikikataa kuwatajia jina la mashine. Mnadhani nawaficha riziki. Siwafichi. Kaeni niwaambie kwa nini, halafu nendeni mkanunue mnachotaka, pesa ni zenu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Bahi. Shule niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kunifukuza. Lakini fulana za mji huu, za kwaya, za harusi, za misiba, za wanafunzi wa chuo, herufi zake zimepita kwenye vidole hivi. Sina cheti. Nina wembe. Nimekata herufi kwa mkono miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na kazi iliyorudishwa kwangu ni moja tu, nayo nitawasimulia ili mcheke mapema tumalize.

Aliyenifundisha ni Mzee Lalji, mwenye duka la vitambaa, Mungu amrehemu. Watu walimwita Mhindi, lakini alizaliwa hapa hapa mjini na Kigogo chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu. Nilianza kwake kwa kubeba majora. Siku moja akaniona nachonga jina langu kwenye boksi kwa wembe, akanichukua uani kwenye meza ya kuchapia fulana.

"Kata O," akaniambia.

Nikakata duara la nje kwanza, vizuri kabisa. Nilipoingia kukata la ndani, karatasi ikazunguka, haina pa kushikia, ikachanika. Mzee Lalji akanizaba kofi la kisogoni. Siku hizo kofi lilikuwa sehemu ya maelezo.

"Tumbo kwanza! Herufi yenye tumbo, unatoa tumbo kwanza, wakati bado imeshikwa pande zote. Ukishaikata nje imekufa, hailali tena mahali pake."

Hilo liandikeni. Hata mashine nzuri hufanya hivyo hivyo, inaanza na tumbo la ndani ndipo inazunguka nje. Mkiona mashine inafanya kinyume, mkaangalie mipangilio yake kwenye kompyuta.

Akaniambia nitafute jina lenye matumbo mengi, nilikate kila asubuhi kabla ya chai mpaka nilikate bila kosa. "Atakayeweza jina hilo," akasema, "atakata lolote." Nikachagua Debora. Hesabuni wenyewe: D ina tumbo, e ina tumbo, b, o, na a ya mwisho. Matano. Ni r peke yake isiyo na kitu. Mzee Lalji akatazama kile kipande, akanitazama mimi, akasema, "Majina yamejaa duniani. Huyu Debora ndiye yule binti anayeleta karanga kutoka Kongwa?" Nilitamani ardhi inimeze. Ndiye. Na ndiye aliyekuja kuwa mama yake Tabitha.

Sasa ile kazi iliyorudishwa. Zamani tulikuwa tunakata karatasi, tunapitisha rangi. Baadaye ikaja vinili, plastiki nyembamba yenye gundi inayoyeyuka kwa moto: unaikata herufi, unailaza juu ya fulana, unaigandamiza kwa pasi, inashika. Mimi nikajiona najua. Sikuambiwa kwamba vinili ya fulana hukatwa kinyume, kama unavyoyaona maandishi kwenye kioo, maana inalazwa kifudifudi. Nikaikata kama karatasi. Nikabandika fulana za kwaya nzima bila kutazama, najisifu kwa kasi. Kiongozi wa kwaya alipozikunjua akaniuliza, "Fundi, hizi zitasomwa na nani? Na walio ndani ya fulana?"

Haya, mmecheka. Tuendelee na lililonitia homa.

Mji huu mliukuta umejaa. Mimi nimeuona ukijaa. Serikali ilipohamia, kila ofisi ikataka fulana ya michezo, kila chama cha akina mama kikataka majina mgongoni. Na wakati huo huo mkono wangu wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzo kidogo, kama simu inayoita mfukoni. Tabitha ndiye aliyekuwa anayapanga majina kwenye kompyuta, mimi nakata. Akaanza kuniona narudia jina moja mara tatu. Hakusema kitu. Mtoto yule anajua kunyamaza, alirithi kwa mama yake.

Debora alipokuwa anaumwa mwishoni alituita wote wawili. Alikuwa na ng'ombe wake kule Bahi, wake mwenyewe, waliotokana na mtamba mmoja aliyepewa na baba yake. Akasema, "Hawa ni wa Tabitha. Siku atakayotaka kusimama kwenye kazi yake, wauzwe." Halafu akanitazama mimi: "Wewe usije ukawaamulia."

Nikaitikia. Nawaambia mjue: niliitikia.

Siku ilipofika, Tabitha akauza ng'ombe wale atununulie mashine ya kukata, mafundi wengine huiita plota. Hawakubaki wengine. Mashine ikiwa mbaya, hakuna mtamba wa kuanza naye tena. Alikuwa ameshauliza kwa wenzake, ametazama video, akaniambia anataka ya kiasi, upana wa sentimita sabini na kitu, kwa sababu rola la vinili ya fulana lina nusu mita tu.

"Tabitha," nikamwambia, "baba yangu alikuwa mchagua maksai. Watu walitoka mbali kumwomba awachagulie. Mimi nimekulia mnadani. Unadhani nitashindwa kuchagua kitu kisicho hata na miguu?"

"Baba, mama alisema..."

"Mama yako hakujua mashine."

"Na wewe unajua?"

Nikavaa kofia tukatoka.

Dukani tukamkuta huyo Faraji. "Shikamoo mzee. Shikamoo dada."

"Marahaba," nikajibu. Tabitha akacheka, maana walikuwa umri mmoja.

"Karibuni. Mzee, mnataka ya kukatia nini?"

"Nakatia ugali wangu," nikamwambia. "Ipi nzito?"

Kijana akaduwaa kidogo. "Nzito, mzee?"

"Nzito. Kitu cha kazi kina uzito. Nyundo nyepesi umeshaiona inapiga nini?"

Akanionyesha moja imesimama kwa miguu yake ya chuma, ndefu kupita mlango wa choo changu. Nikaishika kichwani, nikaitikisa, haikutikisika. Nikamwambia mwenzake atusaidie tuiinue, tukashindwa watatu. Moyo wangu ukafurahi. Pembeni kulikuwa na ile ndogo aliyoitaka Tabitha, nyeupe, niliinyanyua kwa mkono mmoja, tena huu unaotetemeka.

"Hii ni tenga la kuku," nikasema. "Upepo wa Dodoma ukivuma mwezi wa nane tutaifuata Chamwino."

Faraji akafungua mdomo. "Mzee, nikueleze kidogo tofauti ya..."

"Kijana, mimi siambiwi mashine. Iwashe."

Akaiwasha. Kichwa chake kikakimbia kulia, kikarudi kushoto, kwa mlio wa nguvu, kama cherehani ya mtu mwenye hasira. Nikasikia raha. Tabitha akasogea, akasema taratibu, "Baba, tuweke kipande tuone ikikata jina."

"Unataka umharibie kijana wa watu mashine mpya?"

Kumbukeni nilivyosema hapo. Mimi bado nakumbuka.

Tukaibeba kwa bajaji ya mizigo. Majirani wakatoka kuitazama. Nilitembea nyuma ya ile bajaji mtaa mzima kama mtu anayeleta mahari.

Wiki hiyo hiyo akaja Mwalimu Anjela. Alikuwa anafundisha shule moja upande wa Kongwa, ana timu ya netiboli ya wasichana, imeingia kwenye mashindano yanayochezwa Dodoma Jumamosi. Alileta jezi kumi na mbili nyeupe. Alitaka namba kubwa nyekundu mgongoni, na chini ya namba jina la kila msichana, dogo, urefu wa ncha ya kidole.

"Wasichana wangu wamechezea fulana za kuazima tangu nianze nao," akatuambia. "Safari hii nimewaahidi kila mmoja atavaa jina lake. Wengine hawalali. Fundi, usiniangushe."

"Mwalimu," nikamwambia, "umeshaiona mashine ile?"

Akaiona. Nani asingeiona? Ilikuwa imeziba dirisha.

Tabitha alipanga namba kwenye kompyuta, akazigeuza kinyume, tukaanza. Namba zikatoka safi. Tisa yenye tumbo lake, nane na matumbo yake mawili, zimenyooka. Nikamgeukia binti yangu. "Tenga la kuku lingeweza hili?" Naye akatabasamu, kweli kabisa alitabasamu, na mimi nikaona ng'ombe wa Debora wamegeuka chuma na wanafanya kazi.

Tukaingia kwenye majina.

Baada ya kukata, kuna kazi ya kutoa vinili isiyotakiwa ibaki herufi peke yake. Sisi tunaiita kudonoa, unatumia sindano, unainua kile kilicho nje na kile kilicho tumboni. Tabitha akadonoa herufi ya kwanza, a. Ikainuka yote na tumbo lake. Akadonoa ya pili, ikachanika. Akaisogeza dirishani. Ukingo wa herufi haukuwa mviringo, ulikuwa ngazi ngazi, kama imetafunwa na panya. Ile mota yenye mlio mkali ilikuwa inakwenda kwa kurukaruka. Kwenye namba kubwa mruko mdogo hauonekani. Kwenye herufi ya ncha ya kidole, mruko ule ni nusu ya herufi.

"Kisu hakifiki chini," nikasema.

"Baba, kinafika. Ni mwendo wake..."

"Mimi na visu nani anamjua mwenzake?"

Sasa sikieni kosa ambalo mtu wa kompyuta hawezi kulifanya. Hili ni kosa la sisi tuliokata kwa mkono. Wembe wangu mimi nikiukamata, nauacha nje urefu wa kucha nzima, maana jicho langu ndilo linaloongoza. Kisu cha mashine hakina jicho. Kinatakiwa kichungulie tu, wembamba wa unywele, kikate vinili kiache ile plastiki ya chini inayoibeba. Mimi nikakizungusha kile kishikio, nikakitoa kisu nje kama naenda kuchinja. Nikabonyeza.

Mashine ikakata. Ikakata vinili, ikakata plastiki ya chini, ikakata na utepe mweupe wa mpira ambao kisu kinapita juu yake. Majina ya wasichana wa watu yakaanza kudondoka sakafuni vipande vipande, mekundu, kama pumba za mtama. Halafu ukasikika mlio mdogo, "tik", ncha ya kisu ikavunjika, na kichwa kikaendelea kukimbia kulia na kushoto kisikate kitu, kwa mlio ule ule nilioupenda dukani.

Nilipiga magoti nikaanza kuokota herufi, sijui nilitaka kuzifanyia nini. Ilikuwa Alhamisi. Vinili nyekundu iliyobaki ilitosha majina yale mara moja na ziada kidogo tu.

Tabitha akazima umeme ukutani. Akasema, "Ng'ombe wa mama, Baba." Basi. Akatangulia njia ya dukani.

Dukani nikaingia kwa sauti ya juu, nawaambia ukweli. Nilimwita Faraji mwizi. Nilisema kaniuzia mzoga. Watu wakasimama mlangoni. Akaniacha nikamaliza, akaniletea kiti, akauliza nimekata nini.

"Majina ya fulana! Madogo!"

"Mzee, hii ni ya mabango na stika za magari," akasema. "Pale inafanya kazi nzuri sana. Ya majina ya fulana ni ile nyeupe."

"Mbona hukuniambia?"

Ndipo akayasema yale maneno mawili. Halafu, polepole, kama anayenihurumia, akaongeza, "Nilikuuliza ya kukatia nini, ukaniambia ugali."

Mtu mmoja mlangoni akacheka. Mimi nilikaa kwenye kile kiti na masikio yakinivuma. Nilimwona baba yangu mnadani, waziwazi, na fimbo yake. Mfugaji angemletea maksai mnene, ngozi inang'aa, pembe pana, watu wanashangilia. Baba hakumtazama hata pembe. Kila mara alisema jambo moja: "Maksai hanunuliwi amesimama. Mvike nira, mfunge plau, avute mbele yangu." Na mwenye mali akikataa, baba aliondoka. Nimelisikia hilo tangu sijavaa kaptula. Nikaenda na jina la baba yangu kinywani, nikanunua maksai aliyesimama. Tena binti yangu alisema avikwe nira. Nikamnyamazisha.

"Hukuuliza, mzee." Nilikuwa nimeuliza uzito. Nilikuwa nimeuliza uzito wa kitu cha kukata!

Faraji akatupatia ncha mpya ya kisu na utepe, akanionyesha jinsi ya kuipima: kata mraba mdogo wenye pembetatu ndani yake kwenye pembe ya vinili, donoa, vinili ikitoka peke yake, na plastiki ya chini ukiipapasa haina mkwaruzo mzito, hapo ndipo. Fanyeni hivyo kila mnapobadili rola, maana kila vinili ina unene wake, na ile ya kumetameta inataka kisu chenye ncha kali zaidi. Kuhusu kuibadilisha mashine akasema hana amri, mwenye duka amesafiri, anarudi Jumatatu.

Mashindano ni Jumamosi.

Tulirudi nyumbani. Nikatoa wembe wangu kwenye kikopo, nikaketi mezani, nikajiambia, majina kumi na mawili, nilishakata mia kwa siku. Tabitha akanibandikia jina la kwanza lililochapwa kinyume kwenye karatasi juu ya vinili. Nikaanza na tumbo. Mkono ukaruka. Nikaushika kwa mkono wa kushoto, nikaanza tena. Ukaruka, wembe ukapita katikati ya herufi mbili, ukatoka nje ya jina.

Niliuweka wembe mezani. Vijana, mtu akikaa na kazi moja maisha yake yote hafikirii kwamba kuna siku kazi itamkataa. Mnashangaa? Na mimi nilishangaa. Niliutazama mkono wangu kama mkono wa mgeni.

Tabitha akavuta kigoda. Hakuniomba. Akachukua wembe, akaushika kwa vidole vitatu, cha kati kikiwa chini, hivi ninavyoushika mimi, akageuza karatasi badala ya kugeuza mkono, hivi nifanyavyo mimi, na akaingia kwenye tumbo la herufi ya kwanza. Likatoka zima. Akahamia la pili.

"Nani amekufundisha?" nikamuuliza.

"Baba, miaka yote hii nilikuwa nimekaa wapi?"

Sikuwahi kumpa wembe. Hata siku moja. Nilimwambia kazi ya mkono imekufa, yeye akae na kompyuta. Kumbe alikuwa upande wa pili wa meza, anatazama.

Alikata Alhamisi yote iliyobaki, akakata Ijumaa. Mimi nilidonoa zile namba kubwa, nikasimama kwenye pasi, kazi ambayo hata mkono unaotetemeka unaiweza, kwa kuwa ni ya kugandamiza tu. Na hapa napo sikieni: jezi ya plastiki plastiki ile inaungua, punguza moto, tanguliza kuipiga pasi tupu sekunde chache itoe unyevu, na usiwe na haraka ya kubandua. Jina moja likibaki limenyanyuka ukingo, litabanduka siku ya kwanza ya kufuliwa na mtoto wa watu atalia.

Mwalimu Anjela alizichukua Ijumaa alasiri. Alitazama moja moja, akapitisha kidole juu ya majina. "Mashine hii kweli ni moto," akasema. Tabitha akanitazama. Nikamwambia Mwalimu ukweli, kwamba yamekatwa na mkono wa binti huyu. Hakuamini mpaka alipoona malengelenge vidoleni mwake.

Jumamosi tulikwenda uwanjani. Mchezo wenyewe siwezi kuwaelezea, sikuutazama. Niliwatazama wasichana kabla ya filimbi. Kila mmoja alikuwa anajizungusha kama paka anayetafuta mkia, anataka kusoma mgongo wake na hawezi. Mmoja mrefu akaivaa jezi mbele nyuma, akatazama kifuani, akasoma jina lake kwa kidole, ndipo akaigeuza. Nimekata herufi maisha yangu yote na sikujua kwamba watu huzisoma hivyo.

Jumatatu Tabitha akaniambia, "Leo twende, ila leo unabeba tu."

Mwenye duka alisita, akakubali kubadilisha, kwa kuwa Faraji alikuwa tayari na mteja wa mabango anayeitaka ile kubwa. Faraji akaiwasha ile nyeupe. Haikulia sana. Mikono niliiweka nyuma.

"Haya dada," akasema, "ndiyo hii. Nikufungie?"

"Bado," Tabitha akajibu. Akafungua mkoba, akatoa kipande cha vinili nyekundu kilichobaki kwenye zile jezi, akakiingiza yeye mwenyewe, akasogeza mipira ya kubana mpaka ikashika kingo zote mbili. "Nataka ikate."

"Ikate nini?"

Akaandika kwenye kompyuta, akapunguza, akapunguza tena, mpaka herufi zikawa na urefu wa punje ya mahindi. Mimi bila miwani sikusoma. Mashine ikakata, kimya, kama mtu anayeandika barua. Tabitha akainama na sindano. Tumbo la kwanza likatoka. La pili. La tatu. La nne. La tano. Herufi zikabaki zimekaa, ukingo mviringo, hata moja haikuyumba. Akakiweka kile kipande kwenye kiganja changu.

Jina lilikuwa limeandikwa kinyume, kama ipasavyo kwa fulana, nami ningelijua hata likiandikwa gizani. Mara ya mwisho kuliona ilikuwa kwenye msalaba kule Bahi.

"Ulijuaje kuwa ndilo la kujaribia?" nikamuuliza. Hili la Mzee Lalji sikumsimulia mtu.

"Mama aliniambia. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza." Akamgeukia Faraji. "Hii inavuta. Funga."

Nikabeba. Kwa mkono mmoja.

Mashine ile ndiyo mnayoiona pale dukani kwa Tabitha mpaka leo, na mimi nimestaafu, nakaa mlangoni nakula karanga na kuwakosoa. Basi msiniulize jina la mashine. Ya mwaka huu si ya mwaka ujao, na kazi yako si ya mwenzako. Jiulize unakata nini, na kidogo kabisa utakachokata ni kipi, kisha mwambie muuzaji akikate mbele yako kabla hujatoa mkono mfukoni. Ukikosa jina la kujaribia, nijie. Lile la kwetu bado ninalo kwenye kifuko cha miwani. Nitakuazima uende nalo, na mashine ikikosea tumbo moja tu, iache hapo hapo.